Siri ya patroni ilindwe, mikono ya mfanyakazi isifungwe

Uvira – Tuseme kijana anapata kazi kwenye farmasi karibu na soko la Mulongwe. Siku ya kwanza anapewa karatasi mbili za Kifaransa. Ya kwanza ni mkataba wa kazi. Ya pili imeandikwa juu yake accord de confidentialité, yaani mapatano ya kutunza siri. Anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi na kuambiwa aandike kwa mkono wake maneno lu et approuvé, maana yake nimesoma na nimekubali. Anaandika. Hajasoma, na hata angesoma, Kifaransa cha mavoka kingemshinda kama kinavyowashinda wengi waliomaliza sekondari.

Ndani ya karatasi hiyo ya pili, baada ya mistari juu ya bei za dawa, majina ya wagonjwa na majina ya wauzaji wa jumla, kuna mstari mmoja usiofanana na ile mingine. Unasema kwamba siku akitoka kwenye kazi hiyo, kwa miaka mitatu hataruhusiwa kufanya kazi kwenye farmasi nyingine, wala kufungua ya kwake, katika mji wote wa Uvira. Akikosea, atalipa dola elfu mbili.

Kijana huyo ni wa mfano tu. Mstari huo siyo wa mfano. Kwenye intaneti kuna mapatano ya siri yaliyokwisha kuandikwa, tayari kwa kunakiliwa, yaliyotungwa kwa ajili ya makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani. Mtu anabadilisha jina la kampuni na jina la mji, anapiga muhuri, na sharti lililotungwa kwa wakubwa wa kiwanda cha dawa linamwangukia muuzaji wa vidonge anayelipwa kwa franka. Kwa Kifaransa sharti hilo linaitwa clause de non-concurrence. Kwa Kiswahili tunaweza kuliita sharti la kutoshindana. Ni vizuri kila mfanyakazi alijue kwa jina lake la Kifaransa pia, kwa sababu ndivyo atakavyolikuta kwenye karatasi.

Kosa kubwa ni kuweka vitu viwili ndani ya mfuko mmoja. Kutunza siri ni kitu kimoja. Kukatazwa kazi ni kitu kingine. Mtu anaweza kunyamaza juu ya mambo ya patroni wake wa zamani maisha yake yote na bado akafanya kazi kwa patroni mwingine kesho asubuhi. Anayekuambia kwamba huwezi kutunza siri bila kukaa na njaa, huyo hatafuti siri. Anatafuta kupunguza idadi ya farmasi mjini.

Na sheria ya Kongo inasema hivyo, kwa ukali kuliko watu wengi wanavyofikiri. Kanuni ya Kazi ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Ukiifungua kwenye vifungu vya hamsini na kitu, pale inapoeleza wajibu wa mfanyakazi, utakuta mambo mawili yametengwa. Upande mmoja, mfanyakazi amekatazwa kutoa nje siri za kutengeneza bidhaa na siri za biashara za mwajiri wake, na amekatazwa kushindana naye kwa njia ya udanganyifu. Katazo hilo linabaki hata mkataba ukiisha. Upande wa pili, sharti linalomkataza mtu, baada ya mkataba kuisha, kufungua biashara yake, kushirikiana na wengine kufungua biashara, au kuajiriwa kwingine, halina nguvu. Halihitaji hata jaji alivunje, limezaliwa limekufa.

Kuna mlango mmoja mdogo ambao sheria imeuacha wazi, na hapo ndipo mtu anatakiwa kusikiliza vizuri. Sharti linaweza kupata nguvu kama mfanyakazi alifukuzwa kwa kosa zito, au kama yeye mwenyewe aliacha kazi bila mwajiri kuwa na kosa zito. Hata hapo haitoshi. Lazima mfanyakazi awe aliwajua wateja au siri za patroni kwa kiasi cha kuweza kumletea hasara kubwa. Lazima katazo lihusu kazi ileile aliyokuwa akifanya, siyo kazi zote za duniani. Na lazima lisipite mwaka mmoja. Kama mkataba umetaja pesa za kulipa na pesa hizo zimezidi kipimo, mfanyakazi anaweza kuomba tribinali izipunguze hadi kiasi cha haki.

Sasa rudi kwa yule kijana wa farmasi. Miaka mitatu: imepita kipimo. Dola elfu mbili: zinaweza kupunguzwa. Na kama patroni ndiye aliyemwambia biashara haiendi, nenda nyumbani, basi hakuna cha kujadili. Anaweza kwenda kuomba kazi kwenye farmasi ya jirani siku hiyohiyo.

Jambo hili lingekuwa dogo katika mji uliotulia. Uvira haijatulia. Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoanguka, watu wa mji huu na wa uwanda wa Ruzizi walivuka kwa maelfu kwenda Burundi. Wengine walipita Kavimvira na Gatumba, wengine waliingia mto wenyewe. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo vita vilifika ndani ya Uvira, na maelfu walivuka tena. Wako waliofika Musenyi, wako waliofika Busuma, wako waliobaki kwa ndugu zao Bujumbura, wako walioteremka kando ya ziwa kuelekea Makobola, Mboko na Baraka. Na kabla ya vita kulikuwa na maji. Hakuna aliyesahau mto Mulongwe ulivyobeba nyumba za watu mwezi wa nne 2020. Mara ngapi mfanyakazi wa Uvira ameanza maisha upya akiwa na mikono yake tu?

Mhami anapofika mahali pageni, au anaporudi na kukuta duka la patroni wake limefungwa na vyuma vya mlango vimeng'olewa, kitu alichobaki nacho ni ufundi. Muuguzi anajua kudunga sindano na kushona kidonda. Fundi wa moteri wa Kalundu anajua kufungua injini ya boti na kuirudisha kabla jua halijazama. Mwanamke aliyefanya kazi kwa mnunuzi mkubwa wa ndagala anajua samaki wakavu wanavyopangwa, wanavyopimwa, na siku gani bei inapanda. Kumwambia mtu huyo kwamba ufundi wake ni mali ya patroni wa zamani, kwa sababu aliandika lu et approuvé miaka minne iliyopita, ni kumnyang'anya kitu pekee ambacho risasi haikumnyang'anya.

Kwa watu hao sheria inatoa jibu zuri kuliko kwa wengine. Inauliza kwanza: mkataba ulivunjika namna gani? Patroni aliyefunga duka na kuhamia Bujumbura au Kalemie hakumfukuza mtu kwa kosa zito, na mfanyakazi wake hakuacha kazi. Kwa hiyo ule mlango mdogo haufunguki, na sharti linabaki karatasi tupu. Atakayebisha zaidi ni patroni aliyebaki, anayesema: huyu alinikimbia, aliacha kazi mwenyewe. Kukimbia mabomu siyo kuacha kazi kwa hiari. Kanuni ya Kazi yenyewe inalijua jambo la nguvu isiyozuilika, ile Wafaransa wanayoita force majeure, na inasema mkataba husimama wakati wa jambo hilo, haiuhesabu kuwa kosa la mfanyakazi.

Hapo kuna shimo ambalo wengi hawalioni. Mkataba uliosimama haujafa. Mtu ambaye mkataba wake umesimama tu na anaanza kuuza kwa wateja wa patroni wake anaweza kuambiwa kwamba alishindana naye akiwa bado mfanyakazi wake, na hilo ni kosa jingine kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuanza chake, au kuingia kwa mwingine, afanye jambo moja kwanza: amwandikie patroni, hata kwa ujumbe wa WhatsApp unaoweza kuhifadhiwa, amuulize kama kazi bado ipo. Kama haipo, aombe attestation de fin de service, ile karatasi ya kushuhudia kwamba kazi imekwisha. Ni haki yake, sababu ya kuisha iwe yoyote. Karatasi hiyo inataja aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza. Inamsaidia kwa mwajiri mpya, na inamfungia mdomo wa zamani.

Na yule aliyepoteza karatasi zote kwenye moto au kwenye maji? Mkataba wa kazi unatakiwa uandikwe, lakini maandishi yakikosekana mfanyakazi anaruhusiwa kuonyesha kwa njia nyingine kwamba alifanya kazi: mashahidi, ujumbe wa simu, risiti ya malipo. Na patroni anayedai kuna sharti la kutoshindana, ni yeye wa kulionyesha.

Iko siri, hata hivyo, ambayo haifai kulegezwa hata kidogo, na hii inawagusa wahami kuliko mtu yeyote. Mashirika ya kiutu yanaajiri vijana wa hapa kuandikisha familia: majina, namba za simu, idadi ya watoto, kijiji walichotoka, kabila mara nyingine, na mambo waliyotendewa njiani. Muuguzi anamjua mama aliyebakwa. Mwandikishaji anajua ni nyumba gani ya Kasenga au Kimanga inayohifadhi familia ya watu kumi na wawili waliokimbia. Katika sehemu hizi orodha ya namna hiyo ikiingia mikononi mwa mwenye bunduki inaweza kuua. Hakuna kurahisisha hapo. Kijana aliyefanya kazi hiyo kwa wiki mbili tu anapaswa kuitunza siri hiyo mpaka kaburini, na kwa walio na siri za watu kwa ajili ya kazi yao, kama waganga na wauguzi, sheria ya makosa ya jinai inatoa adhabu kwa anayezitoa.

Ndiyo sababu kuchanganya mambo haya mawili ni hatari pia kwa siri yenyewe. Mfanyakazi akigundua kwamba nusu ya karatasi aliyotia sahihi haina nguvu, ataanza kuidharau nusu nyingine. Karatasi fupi ingefaa zaidi, ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa kwa Kiswahili: majina ya watu usiyataje, daftari usilipeleke nyumbani, picha usipige, simu ya kazi uirudishe. Kijana akielezwa kwa nini, atashika. Na baada ya wiki zake mbili, aende kuandikisha kwa shirika jingine bila kuulizwa na mtu. Uzoefu wa kuandikisha siyo siri.

Wenye biashara wana hofu yao, na siyo ya kuchekwa. Mtu anafungua mkate kwa mkopo wa likelemba, anamfundisha kijana miezi minane, anamwonyesha depo ya unga na mama wanaonunua kwa jumla asubuhi. Siku moja kijana anaondoka na daftari la madeni, anawapigia wateja walewale, anawauzia kwa bei ya chini na kusema mkate wa kule una mende. Huyo ni mwizi na mchongezi, na sheria haimlindi. Daftari siyo lake. Uongo juu ya mende ni ushindani wa udanganyifu, na patroni anaweza kudai fidia hata kama hakuna sharti lolote lililoandikwa. Lakini kama kijana aliondoka na mikono mitupu, akajenga tanuru lake Kilibula na kuoka mkate mzuri, hapo patroni hana kesi. Ana jirani tu.

Mpaka kati ya ufundi na siri siyo mgumu kuujua. Kilicho ndani ya mikono na kichwa cha mtu kwa sababu ya mazoezi ni chake. Kilicho kwenye daftari, kwenye kompyuta ya kazi, au kwenye mapatano ya bei na muuzaji wa jumla ni cha nyumba ya kazi. Wakaaji wa Kiliba wanaweza kueleza hili vizuri zaidi. Kiwanda cha sukari kiliposimama wakati wa vita vya 1996, watu walibaki na ujuzi wa mashine, wa umeme, wa kulima miwa. Ingekuwa ajabu mtu kuwaambia wasiguse chuma kingine kwa sababu chuma cha kwanza kilikuwa cha kampuni.

Kuna kundi moja ambalo Kanuni ya Kazi hailifikii, nalo linaonekana kila kona kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu: mawakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu, wale wa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Wakala siyo mfanyakazi. Ana mkataba wa biashara, na mkataba wa namna hiyo unaweza kumfunga kwenye mtandao mmoja tu. Kwa mhami hilo ni jambo la maisha: ndugu wa Bujumbura au wa ng'ambo anatuma kwa mtandao mmoja, kabanda lililo karibu lina mwingine, na mama anatembea kilomita mbili na mtoto mgongoni kwenda kutoa dola kumi. Kenya walikuwa na shida hiyo. Safaricom ilikuwa imewafunga mawakala wa M-Pesa wasihudumie wengine. Airtel ilipeleka malalamiko kwa mamlaka ya ushindani, na mwaka 2014 Safaricom iliondoa sharti hilo. M-Pesa haikufa kwa kuliondoa. Kongo nayo ina sheria ya uhuru wa bei na ushindani tangu tarehe 9 mwezi wa saba 2018. Wenye makabanda wakiungana wanaweza kuitumia. Mmoja mmoja, hawataweza.

Hapa pia haki idai kwamba kuna sharti la kutoshindana ambalo ni halali machoni pa mtu yeyote. Ukimuuzia mtu butike yako pamoja na wateja wake, akakulipa kwa ajili ya wateja hao, huwezi kufungua nyingine mlango wa pili wiki inayofuata. Ulikwisha kulipwa. Mfanyakazi anayeambiwa asifanye kazi mwaka mzima, yeye amelipwa nini?

Wanaodhani kwamba sharti hili ni ustaarabu wa nchi zilizoendelea waangalie huko linakotoka. Jimbo la California, lenye makampuni ya teknolojia yanayojulikana dunia nzima, limelikataa karibu kabisa tangu 1872. Mwaka 2016 kampuni ya sandwichi ya Jimmy John's ilikubali, mbele ya wanasheria wakuu wa New York na Illinois, kuacha kuwafunga watengeneza sandwichi wake kwa sharti kama hilo. Mwezi wa nne 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitaka kulipiga marufuku kwa nchi nzima, ikisema Wamarekani milioni 30 hivi wamefungwa nalo, lakini jaji wa Texas aliizuia mwezi wa nane. Huko wanabishana bado. Kongo iliamua zamani, na uamuzi wake ni mzuri. Umebaki tu ndani ya kitabu ambacho watu hawakifungui.

Kukifungua ni kazi ya nani? Sheria inataka kila ugomvi wa kazi upite kwanza kwa inspekta wa kazi kwa ajili ya upatanisho kabla ya kufika tribinali. Kwa mfanyakazi wa Uvira hilo ni jambo jema ofisi ikiwa wazi, na ni ukuta ofisi ikiwa imefungwa. Wakati wa vita hivi, ofisi za serikali zimehama na kufungwa. Ndani ya nafasi hiyo wengine wanampeleka mwenzao polisi. Mfanyakazi aliyeitwa polisi kwa sababu amefungua farmasi ajue kwamba kuvunja sharti la mkataba siyo kosa la jinai, na kwamba Kongo imejiunga na mapatano ya kimataifa ya haki za raia na za kisiasa yanayokataza mtu kufungwa gerezani kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Aombe aonyeshwe malalamiko yanamshitaki kwa kosa gani. Kama ni wizi wa daftari, hiyo ni habari nyingine. Kama ni kufanya kazi, Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inasema kwenye kifungu cha 36 kwamba kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na kifungu cha 35 kinalinda uhuru wa kuanzisha biashara.

Shirikisho la wafanyabiashara wa Kongo, FEC, lina wanachama hapa mjini. Ukaguzi wa kazi una fomu zake. Mashirika ya kiutu yana watafsiri wanaolipwa kila siku kutafsiri mabango ya kunawa mikono na kipindupindu. Hawa watatu wakikaa mchana mmoja wanaweza kutoa mfano wa mapatano ya siri wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kifaransa, usio na mstari wa kumkataza mtu kazi, na radio za hapa zikausoma hewani kwa ajili ya walio mjini na walio kambini. Mpaka hapo, anayepewa karatasi aombe siku moja ya kwenda nayo nyumbani, atafute mtu wa kumsomea, na akitia sahihi asiondoke bila nakala yake. Nakala hiyo aipige picha na kumtumia ndugu aliye mbali, kwa sababu simu ya ndugu aliye Nyarugusu au Bujumbura haiungui pamoja na nyumba ya Uvira.